Sufuri Mbili za Mama

Bua la mahindi mabichi likivunjwa hutoa harufu tamu, kama ya maziwa yanayoanza kuchemka. Wako wanaoipenda. Mimi hunichafua roho, kwa sababu nikiwa kidato cha tatu niliamka asubuhi moja nikaikuta imetanda kote nyumbani kwetu, nje kidogo ya Voi, imechanganyika na harufu ya kinyesi cha ndovu. Mama alikuwa amesimama katikati ya shamba lake na leso ya kulalia. Shamba lilikuwa limelala chini lote. Ng'ambo ya kijia, upande wa mdogo wake, Mama mdogo Mkamburi, mahindi yalikuwa yamesimama vilevile, yanapepea, kana kwamba usiku ulipita salama kwa kila mtu.

Shamba lile aliliacha babu yangu. Alipofariki, binti zake wawili walikata kijia katikati, na tangu siku hiyo kila mmoja alilima kwake, akavuna kwake, akalisha wanawe kutoka jiko lake. Mvua za vuli mwaka ule zilianza vizuri. Tulipanda mahindi na pojo mvua ya kwanza ilipogusa ardhi, na ilipokuja ya pili tukaongeza mistari mingine kwenye sehemu zilizobaki. Nilidondosha mbegu mpaka kiuno kikakakamaa. Shule zilipofunguliwa Januari, mahindi yalikuwa yamenifika kifuani, na Mama alikuwa ameanza kuimba tena jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Baba atutoke.

Muhula huo ndipo tulipoanza kusoma matriksi. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Mutua, alikuwa Mkamba aliyehamia Voi zamani, na hakuipenda mifano ya kitabu ya kalamu na madaftari. "Nani kwao wamepanda?" aliuliza. Niliinua mkono. Alichora mabano mawili makubwa ubaoni, akamweka Mama safu ya juu na Mama mdogo safu ya chini, mahindi kushoto, na kulia pojo, ambazo yeye aliziita ndengu. Mvua ya kwanza Mama alipanda mistari kumi na minane ya mahindi na kumi na miwili ya pojo. Mvua ya pili akaongeza kumi na miwili ya mahindi na minane ya pojo. Tukajumlisha: thelathini na ishirini. Kwa Mama mdogo tukapata ishirini na tano na thelathini. "Kila kitu kinajumlishwa mahali pake," Mwalimu alisema. "Mahindi ya mama Wakesho yanaenda kwa mahindi ya mama Wakesho. Ukiyapeleka kwa ndengu za jirani, hiyo si hesabu, huo ni wizi." Darasa likacheka. Jioni nilipomweleza Mama, naye alicheka. Akasema haba na haba hujaza kibaba, na kwamba kumbe alikuwa akifanya matriksi miaka yote bila kulipa karo.

Asubuhi ile ya ndovu alinilazimisha niende shule. "Ukikaa hapa utayainua?" aliniuliza. Mwalimu Mutua, ambaye hakuwa na habari, alikuwa amefika kwenye kutoa. Akaniita ubaoni. "Wakesho, tuandikie kitu cha kutoa kwenye shamba lenu." Nikaandika walichokula na kukanyaga ndovu: safu ya juu, thelathini na ishirini, safu ya chini, sufuri na mbili, maana kwa Mama mdogo waligusa mistari miwili tu ya pojo. Nikatoa. Safu ya Mama ikabaki sufuri, sufuri. Hapo darasa likaelewa, na hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja wa mbele akasema kwa upole kwamba safu ile ifutwe, kwa kuwa haina kitu. "Usiifute," Mwalimu alisema. "Mwenyewe bado yupo."

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuwa afisa wa serikali aliyetumwa kukadiria hasara ili fidia ilipwe, na alifika baada ya wiki kadhaa, mabua yameshakauka na kuwa rangi ya vumbi. Viatu vyake vilikuwa safi, na hakuvuka kijia. "Shamba ni la nani?" aliuliza. Mama akajibu kwamba ni la marehemu baba yao, ila wamegawana. "Hati ina jina la nani?" Ilikuwa na jina la babu. "Basi ni shamba moja," akasema. Akajumlisha mistari yote, ya mahindi na ya pojo, ya Mama na ya dadake, akaichanganya kama uji. Kati ya mistari mia moja na mitano, hamsini na miwili ilikuwa imeharibiwa. "Zaidi ya nusu imesalia. Hii ni hasara ndogo, mama, haifikii fidia. Shukuruni."

"Lakini kwangu hakuna hata mmoja," Mama akasema.

"Nyinyi si dada? Mtasaidiana."

Nilikuwa kando, bado nimevaa sare ya shule. Nilimwambia kwamba hajumlishi sawa, kwamba kila mtu ana safu yake. Alinitazama kama anayemtazama mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. "Msichana, hesabu za shule hazilishi mtu," akasema, akarudi kwenye gari lake. Barabarani yalikuwa yakipita magari ya watalii, mapaa wazi, wanaelekea mbugani kuwapiga picha ndovu walewale.

Mama mdogo alitugawia pojo zake, na Mungu ambariki, lakini hisani ya dada si fidia, na wanawe nao walikuwa na matumbo. Mama akaenda kukata mkonge. Mwezi wake wa pili huko mwiba ulimchoma jicho la kushoto. Alilifunga kwa kitambaa akaendelea na kazi, kwa kuwa asiyefika halipwi, na alipofika hospitali lilikuwa limeshaharibika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wala hajui njaa inaweza kuchukua nini njiani.

Siku hizi nauza dawa za mifugo mjini Voi. Fensi ya umeme imefika karibu na kwetu, na maafisa wanakuja na simu zinazopima shamba kwa dakika chache. Huwa nawatazama wakibonyeza, na najua bado wanatafuta jumla moja, kwa sababu jumla moja haina uso. Mama halimi tena. Pojo ananunua sokoni, anazichagua karibu sana na jicho lake zima. Nikianza kumtaja yule afisa, huninyamazisha. Anasema amewasamehe wote, afisa na ndovu, na kwamba hasira itanizeesha kabla yake. Ndovu hata mimi nimewasamehe. Walikuwa na njaa.