Moto wa Nyanya Ng'ambo ya Kijito

Juzi nilipita Dagoretti, nikasimama pale tulipokuwa tukiingia msituni kuokota kuni. Sasa pana nyumba za ghorofa na ukuta mrefu. Nilisimama tu, rafiki yangu, kama mgeni.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Tulikaa Riruta, na nyanya alikuwa amekuja kutoka magharibi kutulea, maana mama alikuwa akifua nguo za watu Spring Valley kutwa nzima. Jumamosi moja nyanya alinichukua mimi na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Tulivuka kijito, tukaokota kuni, tukala viazi vitamu vilivyopoa. Kisha ikaja mvua ya mawe.

Ilipotulia, kijito kilikuwa kimejaa hadi juu, maji mekundu yakinguruma. Mdogo wangu aliteleza ukingoni. Nyanya alimdaka kwa shati akiwa tayari amezama, akamvuta kwenye matope. Mtoto alitetemeka sana, meno yakigongana, halafu akaacha kutetemeka, mwili ukalegea kwa baridi. Hapo ndipo nilipoona nyanya ameogopa.

Kuvuka hakukuwezekana. Kiberiti alichofunga nyanya kwenye pindo la lesso kilikuwa kimelowa, vijiti vimebaki uji.

"Mvue nguo, umkumbatie kifuani," aliniambia. "Asilale."

"Nyanya, anafumba macho."

"Mwite. Usinyamaze."

Nikamwita. Nikamfinya masikio. Ngozi yake ilikuwa baridi kama samaki.

Nyanya aliingia chini ya mwerezi ulioanguka, akabandua magome ya ndani yaliyokuwa makavu, akayasugua viganjani hadi yakawa kama nywele. Kutoka kwenye kopo lake la ugoro alitoa kipande cha uyoga wa mti, mweusi, uliochomwa zamani ili udake cheche. Akashika jiwe jeupe gumu, akalipiga kwa tupa ya kunolea panga. Cheche zikaruka, zikafa. Akapiga tena. Vidole vikachubuka, damu ikatiririka kwenye jiwe, naye hakusimama. Mimi nilikuwa nikimwita mdogo wangu huku nalia.

Cheche moja ikakaa. Uyoga ukawa na doa jekundu dogo. Nyanya akaukunja ndani ya magome, akapuliza polepole, macho yamejaa moshi, mpaka mwali ukatoka ghafla mikononi mwake.

Tulimgeuza mdogo wangu mbele ya ule moto, mgongo, tumbo, mgongo. Alipoanza kutetemeka tena, nyanya aliketi chini matopeni, akacheka kidogo. Mtoto akafungua macho, akadai kiazi.

Jioni maji yalipungua, tukavuka. Mama aliambiwa tu kwamba tulinyeshewa.

Nyanya alirudi kwao, akazikwa huko. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba atufundishe. Mdogo wangu ana wajukuu sasa, na hakumbuki chochote, wala kijito, wala baridi. Nikimsimulia, ananisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa habari za mtoto wa jirani.