Askari wa Langoni Kaniamkia

Jamani, leo nimetamani kutukanwa.

Asubuhi nimepanda gari la moshi Korogwe, kuku wa kuchoma kapuni, mpaka Tanga, kwenye ile ngome kongwe ya mawe inayotazama bahari. Mdachi alimfunga humo mwanangu Mhina kwa kukataa kazi ya mkonge. Nilitaka nimwone akila, kisha nirudi na gari la jioni.

Langoni nikamkuta askari Mnyamwezi. Mtani wetu sisi Wazigua! Nikamrukia palepale:

"We Mnyamwezi, kofia imeficha kichwa, au kichwa chenyewe huna? Fungua nipite!"

Nikangoja anirudishie. Mtani hanyamazi hata msibani: hutukana, hunyang'anya chakula, mpaka wafiwa wacheke.

Huyu akaniuliza tu namtafuta nani.

"Mhina wa Handeni. Mwanangu."

Akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Mtani hamwamkii mtani kwa heshima. Shikamoo ya nini, we mtani?

"Ni homa, mama. Juzi. Nimemzika mwenyewe, kwa mikono hii."

Nimelia pale chini mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamwambia, "Basi fanya kazi yako."

Akanielewa. Akaninyang'anya kapu, akang'oa paja, akatafuna huku machozi yanamtiririka.

"Bibi mchoyo wewe! Kuku hana hata chumvi!"

Nikacheka, jamani. Mbele ya ngome ile nimecheka.

Mliowahi kutaniwa na Mhina, njooni mniambie alikuwa anasemaje. Nataka kucheka tena.