Sanduku la Dada Sabina na Mpira wa Ngozi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko zote, na aibu yake bado mbichi. Siku dada yangu Sabina alipokuwa anaondoka Mpanda kwenda kusoma mwaka mzima kwenye chuo kikuu cha Ayalandi, mimi nililificha sanduku lake, nikadai nikombolewe kwanza ndipo nilitoe. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na pasipoti na tiketi ya ndege. Nimeanza na kosa lenyewe usije ukasema babu kakuzungusha.

Naam, nimejiita babu. Najua nina miaka kumi na saba na kidevu changu ni laini kama kijiko. Lakini wewe ni wa Kidato cha Kwanza, umekuja juzi na godoro limefungwa kamba ya katani, na mimi niko Kidato cha Nne. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na anayeishi kwa maharage ya shule hii huzeeka upesi. Kaa basi usikilize, na hiyo karanga unayoificha mfukoni ilete huku, mzee hanasihi kwa kinywa kitupu.

Sabina ni mtoto wa kwanza kwetu, mimi wa mwisho; siku hizo nilikuwa bado shule ya msingi. Ndiye aliyenibeba mgongoni, akanifundisha kusoma, na akanichapa zaidi ya mama. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea kilimo. Chuo chao kilikuwa na urafiki na chuo kimoja cha Ayalandi, wakibadilishana wanafunzi: unakwenda, unasoma mwaka mmoja, unarudi kumalizia kwenu. Mwaka ule akachaguliwa yeye, binti wa mtaa wetu wa Majengo, Mpanda. Mama alipopata habari alikwenda kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Mtaani hakuna aliyejua Ayalandi iko wapi. Tuliyekuwa naye kutoka huko ni mmoja tu, Mwalimu Moira, aliyekuwa anajitolea kufundisha hisabati hapa shuleni. Mama mrefu, mwekundu kama tofali la kuchoma, na mwenye adabu iliyopitiliza: aliwaamkia shikamoo hata watoto wa chekechea, nao walimwitikia marahaba bila haya. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, anarudi kwao, hivyo ikapangwa asafiri na Sabina: treni mpaka Dar es Salaam, kisha ndege.

Sasa tatizo lilianza bibi alipofika kutoka Usevya na kuku wawili na debe la mchele, kuja kumuaga mjukuu wake. Alikaa jikoni anapeta, Sabina anachambua mboga, mimi naiba karanga.

"Huko utalala kwa nani?" bibi akauliza.

"Kwa mama mmoja, bibi. Anapangisha vyumba kwa wanafunzi."

"Ana mume?"

"Mjane."

"Ana watoto wa kiume?"

"Wawili."

Bibi akaweka ungo chini. "Haya," akasema.

Mwanangu, haya ya bibi yangu si haya ya kawaida. Sabina alicheka, akaeleza habari za masomo, udongo, ng'ombe wa maziwa, mitihani. Bibi alitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa hadithi na mtoto. Kwake yeye, binti hatoki kwa wazazi na sanduku jipya akalale kwa mama wa watu mwaka mzima bure bure. Kesho yake alimfungia chumbani, akamfunza namna ya kumwamkia mama mkwe na namna ya kupakua nyama bila kujipendelea. Jioni akina mama wa mtaa wakaja na vigelegele. Mama alijaribu kuwaambia ni masomo, wakamwambia tunajua, tunajua, wakaendelea kuimba nyimbo za kumtoa bibi harusi.

Akili ya mtoto ni kuku: ukimmwagia punje mojamoja anakufuata mpaka ndani ya sufuria. Mimi nilizifuata punje za bibi. Maana kwetu binti akitolewa nyumbani, mdogo wake wa kiume hulikalia sanduku la nguo zake, na hashuki mpaka upande wa mume umkomboe. Binamu yangu Deo alishushwa kwa jogoo na shati la drafti, na shati lile alilivaa mpaka likawa tambara la kufutia taa. Nikajiuliza: Deo ana nini ambacho mimi sina? Ila Deo alikalia sanduku akasukumwa mara mbili. Mimi nikasema nitatumia elimu. Kulikalia ni ushamba, nitalificha.

Usicheke. Ungekuwepo ungenisaidia kulibeba.

Siku ya safari baba alitangulia stesheni alfajiri kuwahi nafasi za kukaa, maana treni ya Mpanda ukichelewa unasafiri ukiwa umesimama kama mwiko. Yeye ndiye aliyesema kuwa Tabora kuna wezi wanaoweza kukuvua soksi viatu vikiwa bado miguuni, hivyo pasipoti na tiketi zikawekwa chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge, kufuli juu. Wanawake walipokwenda uani kunywa chai, nikalitoa sanduku kwa mlango wa mbele. Nje ya nyumba ya jirani ulikuwepo mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia ya pumba za mpunga. Nikalisukumia katikati ya magunia, nikavuta gunia moja juu, nikarudi kunywa chai yangu kwa utulivu wa askofu.

Pikapu ya misheni ikaja na Mwalimu Moira ndani. Sabina akaingia kuchukua sanduku, akatoka mikono mitupu. Ndipo nikasimama mlangoni, nikakohoa kama mzee wa baraza.

"Sanduku halitoki," nikasema, "mpaka upande wa mume ulete mpira wa ngozi."

Mwalimu Moira akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine.

"Mume wa nani?" akauliza.

"Mtoto ana haki yake," bibi akasema kutoka kwenye mkeka. "Mkomboeni tuondoke, jua linapanda."

Sabina akaniambia kwa sauti ndogo, "Wewe, lete sanduku. Treni haijui utani." Na Mwalimu Moira, aliyekuwa ameanza kuelewa, akacheka, akasema hata kwao zamani kijana akiwa anakwenda mbali, majirani walikusanyika kwao usiku wakaimba na kulia kama msibani. Bibi akamtazama kwa heshima mpya. "Kumbe na nyie mmelelewa," akasema. Mwalimu akaniahidi mpira mbele ya mashahidi, nami nikatoka kwa maringo kwenda kulitoa sanduku.

Mkokoteni haukuwepo.

Nilisimama pale nikitazama alama za magurudumu mchangani. Mke wa jirani akasema Masanja, kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe, alikuja akafunga jozi yake, akaondoka na pumba zake njia ya Sibwesa, tena kwa njia ya mkato ya majarubani, katikati ya mashamba ya mpunga. Pikapu haiwezi kupita huko, matuta ya majaruba yangeivunja mgongo. Na treni ikienda, nyingine si ya kesho, na ndege haingoji mtu wa Mpanda.

Sabina hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akashika kichwa. Ningependa angelia, au angenichapa.

Mama alimwambia dereva awapeleke Sabina na Mwalimu stesheni, wakamwombe mkuu wa stesheni awavumilie. Kisha akaingia ndani, akatoka akiwa amejifunga kanga ya pili kiunoni, anasukuma baiskeli ya baba. Mwanangu, mimi mama yangu sikuwahi kumwona juu ya baiskeli. Sikujua kuwa enzi za usichana alikuwa anabeba mpunga kwa baiskeli kutoka Usevya. Alipanda kama anapanda kitandani, akaninyooshea kidole kwenye keria ya nyuma. Nikakaa.

Ile safari haielezeki. Mama anakanyaga, kanga inapepea, matuta ya majaruba yananichapa makalioni kwa niaba yake, na yeye kimya. Mama anayegomba unajua utakufa lini. Mama aliyenyamaza, hujui. Tuliwapita watu waliotuamkia, akawaitikia wote vizuri, "Marahaba, hamjambo huko," kisha kimya tena. Nikajaribu kusema, "Mama, ilikuwa mila." Akaongeza mwendo.

Tulimkuta Masanja kwenye mto mkavu, gurudumu limezama mchangani, ng'ombe wamekataa. Amekaa kwenye kivuli cha magunia anakula muwa.

"Shikamoo mama," akasema. "Mbona mbio?"

"Marahaba, baba. Kuna sanduku kwenye mzigo wako."

"Mimi nimepakia pumba."

"Lipo. La binti yangu, anasafiri nalo leo. Huyu aliliweka."

Masanja akapanda, akasogeza gunia, akaliona. Akanitazama, akamtazama mama. "Ndiyo lile la bibi harusi? Jana nimesikia vigelegele vyenu mpaka zizini." Akatema kapi la muwa. "Basi mama, samahani, lakini sanduku la bibi harusi likikutwa kwenye mzigo wa mtu halitoki bure. Hata kwetu."

Nilitaka kumwambia huo ni wizi. Nikakumbuka ni nani aliyeanza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekichimba kwa jembe la kuazima.

Mama hakubishana. Hakufikiri hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mchukue huyu," akasema. "Akushushie magunia, asukume mkokoteni, apakie tena. Ukiona bado ana nguvu, yapo na mavi ya ng'ombe zizini."

Masanja akanipima kwa macho kama anayenunua ndama. "Mwembamba," akasema.

"Ndiye niliyenaye," mama akajibu.

Wakalifunga sanduku kwenye keria, pale nilipokuwa nimekaa mimi. Mama akapanda ukingo wa mto, akapotea. Hakugeuka. Nikawa fidia, mwanangu. Mimi niliyedai kukombolewa.

Nilishusha magunia, pumba zikaniingia shingoni, masikioni, mahali pengine sitapataja. Masanja alinisaidia kwa kuniongoza kwa muwa. Katikati ya kazi akaniuliza, "Sasa dogo, wewe hasa ulikuwa unataka nini?"

"Mpira."

"Mpira tu?"

Nikainama kuchukua gunia jingine. Ndipo tukasikia honi ya treni, mbali, upande wa mjini, ndefu mara moja halafu fupi. Masanja akaacha kutafuna. Sikujua kama dada yangu yumo ndani au yuko stesheni anaitazama ikienda. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimemzuia asiondoke, na matokeo yake sikumuaga. Nikasingizia pumba zimeniingia machoni. Masanja, Mungu ambariki, akasema ndiyo, pumba za mwaka huu ni kali.

Alikuwemo. Treni yetu, isifiwe, ilikuwa imechelewa kwa sababu zake yenyewe. Baba husimulia mpaka leo jinsi mama alivyoingia stesheni na baiskeli, watu wakampisha, sanduku likapitishwa dirishani treni ikiwa tayari inaondoka. Sabina alifika Ayalandi salama. Akatuandikia kuwa huko mvua haijui kunyesha wala kuacha, inakaa hewani tu kama mgeni asiyeaga. Kwamba sahani moja inakuwa na viazi vya kuchemsha, vya kuponda na vya kuoka, vyote vikiitwa chakula cha jioni. Kwamba maprofesa wanaitwa kwa majina yao ya kwanza, na yeye wiki nzima alimkwepa mmoja kwenye ngazi kwa kuogopa kumwita Patriki. Wale vijana wawili wa mama mwenye nyumba, mmoja ni padri na mwingine anacheza na vigari sakafuni. Bibi aliposomewa alisema, "Huyo wa pili atakua." Mwaka ulipokwisha dada alirudi, akamaliza chuo, na sasa anafundisha watu kufuga ng'ombe. Mpira sikuupata. Usiniulize tena.

Basi nasaha yenyewe ndiyo hii, shika kabla kengele haijalia. Mtu wako akipata nafasi ya kwenda kusoma mbali, iwe Ayalandi, iwe Tabora, usimzuie kwa mzaha, wala kwa mila uliyoielewa nusu. Kama unaumia, mwambie naumia; ni neno dogo, halihitaji mkokoteni. Na ukiwa wewe ndiye unayeondoka, pasipoti huvaliwa mwilini, haifungiwi sandukuni, maana mwizi wa Tabora unamjua, mdogo wako humjui. Muage kila mtu mapema, hasa yule anayejifanya hajali. Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe mwalimu asiyekuchoka, akurudishe kwa mama yako ukiwa bado unakula ugali. Amina. Karanga zilizobaki nenda nazo.

Ah, unataka kujua nilivyopokewa. Nilirudi jioni, nimepauka pumba kama mtu aliyefufuka. Mama alikuwa jikoni peke yake. Nilisimama mlangoni nikingoja fimbo. Akanisogezea kigoda, akanipakulia, akakaa akinitazama ninavyonawa. Kisha akasema, na ninakupa kama alivyosema:

"Mimi lile sanduku nimelitazama wiki nzima nikiwaza nitalificha wapi. Kula."