Ujerumani Bado Hawajachinja Kuku

Mudogo wangu anaishi Ujerumani, katika mji ulio kando ya mto. Ukivuka daraja uko Poland. Kila Jumapili baada ya misa anatupigia simu hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na mama anaikamata simu yangu kama vile ni yake. Mega za intaneti ni zangu, lakini nani atasema?

Jumapili moja mudogo wangu akasema: "Mama, drone za Barusi zimefika mpaka Poland. Mi naogopa. Nataka kurudia nyumbani na mutoto."

Ayi, moyo wangu uliruka! Jambo hilo mama ameliomba kila asubuhi tangu huyu binti aondoke. Nikangoja vigelegele. Mama akauliza, "Mwenye nyumba yako amechinja kuku?"

Nicheke ao nilie? Kwetu, habari ikifika kwamba wenye bunduki wanakaribia, mtu haachi kuku wake wawe mboga ya askari. Mtaa mzima unachinja. Siku ya kazi ukisikia harufu ya kuku kila nyumba, usiwashe redio. Funga mtoto mgongoni.

"Mama, ni mumama muzee wa Kijerumani. Kuku hana."

"Sasa mutajua namna gani?"

Mudogo wangu akaeleza. Yule bibi amejaza chumba cha chini ya nyumba: bidoni za maji, maharagwe ya mikebe, mishumaa, redio ya mabetri.

"Vyote hivyo atavibeba na kichwa gani?"

"Habebi, mama. Vita ikifika wanashuka mule, wanajifungia."

"Kujifungia ndani ya nyumba! Bazungu hawa nani alibaloga? Si nyumba ndiyo askari wanaanza nayo?"

Vita vyote mama alivipitia nje, kwenye mashamba ya mihogo, na mlango aliuacha wazi ili wasiuvunje. Nilijaribu kumweleza kwamba bomu la angani si mtu wa panga. Akaninyamazisha.

Habari za Mpolandi mmoja zilimfurahisha zaidi. Ni mwanamke anayeoka mikate pamoja na mudogo wangu. Amewapa mama mmoja wa Ukraine na mtoto wake kitanda chake, mwenyewe analala sebuleni, na Jumamosi anaenda kujifunza kufunga vidonda na kulenga bunduki.

"Huyu ni muntu wa kwetu Fizi kabisa," mama akasema. Sisi nasi tuliwalaza Warundi sebuleni kabla kambi ya wakimbizi ya Lusenda haijafunguliwa, na mama anakumbuka mpaka leo nani alikuwa anakoroma.

Halafu sauti yake ikashuka. "Na weye, ikianza, utakuwa wapi?"

"Mule chini. Yule mumama ameniwekea kitanda, na kingine kidogo cha mutoto. Hata unga wa bugali amenunua. Alizunguka mji wote akiutafuta."

Mama akageuka kuangalia milima. Wiki ile hapa kwetu milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa milimani, na baadhi ya majirani walishavuka na mitumbwi kwenda rasi ya Ubwari.

"Bakia huko," akasema.

"Mama, si ulikuwa unaomba nirudie?"

"Nilikuwa naomba. Bakia."

Akanirudishia simu, mudogo wangu bado anaita. Machozi yalikuwa yanamshuka, wala hakuyafuta.

"Ule muzungu amemutandikia mutoto wangu pa kulala," akaniambia. "Mi ningemuonyesha tu njia ya kukimbilia."