Jumamosi Thelathini na Nane kwa Meno ya Bibi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlango wa tanuri unafunguliwa na joto linaruka nje kama mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani. Msichana wa miaka kumi na saba, kofia ya nailoni imemshuka mpaka kwenye nyusi, anatoa mkate mmoja wa duara. Anaugeuza, anaugonga kitako kwa kidole kilichokunjwa, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza.

Ko, ko.

"Umeiva," anasema, na trei nzima inatoka.

Hakuna anayembishia. Mkate ulioiva hulia hivyo, kama mgeni anayebisha hodi. Mbichi hulia pu, basi unarudishwa ndani. Kwa kipaji hicho, wenzake katika duka hili la mikate wamempa jina la Sikio, na hata mwalimu wake wa darasa sasa anamwita hivyo.

"Nimefundisha vijana kumi na mmoja," anasema mwokaji mkuu, ambaye wote humwita Fundi. "Kumi walitazama rangi. Huyu peke yake ndiye aliyesikiliza. Mengine yote hajui, hata kufagia hajui, lakini hili nampa."

"Fundi, jana ulisema nafagia vizuri!"

"Jana nilikuwa na njaa."

Sikio anafanya kazi Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hana shule, na analipwa kima cha chini, senti haizidi. Ukimuuliza kipato chake hakutajii pesa. Anakutajia zamu. Anainua mguu kuonyesha raba nyekundu zilizopauka kwa unga: "Hizi zamu tatu. Kusuka, zamu moja na nusu. Bando la wiki, saa mbili za kusugua trei."

Mwenzake wa kaunta, kijana wa miaka kumi na minane anayejipulizia manukato mpaka mikate inanukia maua, anadakia bila kuulizwa. "Mimi zangu zote zinaishia mwilini. Nivae, ninukie, nipendeze. Sijuti hata kidogo!"

Sikio anacheka mpaka anashika mbavu. Yeye ana utaratibu wake, aliojiwekea tangu mwezi wa kwanza wa kazi: ya Jumapili ni yake, aichezee atakavyo. Ya Jumamosi haiguswi. Ya Jumamosi ni ya meno ya Bibi.

Bibi huyo ndiye anayeishi naye, kwa kuwa mama yake anafanya kazi mji mwingine na pesa anazotuma zinaishia kwenye kodi na ada. Miaka mitatu iliyopita, Bibi alipoteza meno yake ya mwisho ya mbele. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini, akaanza kucheka na kiganja mdomoni.

"Nilimwambia, mke mwenzangu, hili sasa ni pango," Bibi anasimulia, akimwita mjukuu wake kwa utani wao wa siku zote. "Nikifungua mdomo, popo watatoka."

Utani huo ulimchekesha Sikio. Kilichomuuma kilikuja baadaye. Mama yake mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alipotangaza tarehe ya harusi, Bibi alipiga vigelegele, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku hiyo atakaa jikoni. Kwenye picha asitafutwe.

"Mama wa bibi harusi akae jikoni!" anasema Sikio, na hasira bado inamtoka. "Siku hiyo sikulala. Nikasema, liwalo na liwe, Bibi atakaa mbele."

Alikwenda kwa daktari wa meno, akauliza bei, akaigeuza kuwa zamu. Seti nzima, juu na chini, ilikuwa zamu thelathini na nane. Akafungua kalenda. Mpaka harusi zilikuwepo Jumamosi thelathini na tisa.

Basi akajifunga kibwebwe. Rafiki zake walipokwenda kuogelea Jumamosi, yeye alikuwa tanurini. Alipougua mafua, alikuja na skafu, Fundi akampeleka kwenye trei za kuosha ili asipigie unga chafya. Hakumweleza mtu pale kazini pesa zinakwenda wapi. "Niliona haya kumtangaza Bibi hana meno. Ni siri yake, si yangu."

Jumamosi ya thelathini na moja, nusura yote yaharibike. Mkate wa ganda gumu huchanjwa kwa wembe kabla ya kuingia tanurini, upate mahali pa kufungukia. Siku hiyo Sikio alikuwa akihesabu wiki kichwani, na akaingiza mikate arobaini bila kuchanja hata mmoja. Ilitoka imepasuka ubavuni, kila mmoja ulivyojipendea, ganda limeachama.

Sheria ya pale inajulikana: anayeharibu anakatwa. Mikate arobaini ilikuwa zamu tatu, na yeye alikuwa na Jumamosi moja tu ya akiba, za Jumapili ameshazikopa na kuzila. Meno yangetoka baada ya harusi.

"Nikajua leo nimemwaga unga," anasema. "Nililia kabisa, tena kwa sauti."

Fundi aliipanga ile mikate kwenye rafu ya chini, dirishani, akapunguza bei. Haikupita nusu saa, mwalimu mmoja mstaafu akaingia, akaikodolea macho na kuuliza, "Hii inayocheka mnauzaje?"

Akachukua miwili. Aliyemfuata nyuma akachukua mitatu, akisema watoto wake wataipenda. Kufika saa saba rafu ilikuwa tupu, na watu walikuwa wakiuliza mikate inayocheka imekwenda wapi.

"Nikamwambia, wewe msichana una bahati ya ajabu," anakumbuka Fundi. "Kosa lako lina wateja! Nitakukata nini?" Tangu hapo, kila Jumamosi trei mbili zinaingia tanurini bila kuchanjwa, kwa makusudi. Sikio ndiye mwenye kazi hiyo.

Alhamisi iliyopita, daktari alimkabidhi Bibi meno yake. Harusi ni wiki ijayo.

Zamu inapokwisha leo, saa nane mchana, kila mfanyakazi anachagua mkate mmoja uliokaa vibaya wa kwenda nao nyumbani. Ni desturi ya hapa. Kwa miezi yote hii Sikio amechukua mkate wa maziwa, laini kuliko yote, na Fundi hakuchoka kumtania kwamba ana meno ya nini. Leo anaipita mikate ya maziwa kama haioni, anachukua ule unaocheka kuliko wote, wenye ganda gumu kama kigae.

"Makubwa!" Fundi anashangaa. "Leo imekuwaje?"

"Leo nyumbani kuna meno, Fundi."

Na hapo, kwa ruhusa ya Bibi aliyoipata asubuhi, anamweleza yote. Fundi anacheka, kisha anageukia tanuri na kujifuta macho kwa aproni, akilaumu moshi. Tanuri ni la umeme. "Harusi hiyo," anasema akiwa amempa mgongo, "mikate ni yangu."

Jumamosi zijazo, anasema Sikio njiani, zitakuwa za chuo cha uokaji. Ameshauliza ada: zamu sabini na mbili. Anaitamka hesabu hiyo akirukaruka, kama aliyeambiwa ni bure.

Bibi amekaa sebuleni, kitenge kipya mabegani ingawa harusi ni wiki nzima mbele. Anapokea mkate kwa mikono miwili, anautazama ulivyoachama, na anacheka. Kiganja kinapanda, kinafika kidevuni, kinakumbuka, kinashuka.

"Nisogezee huo mdomo wake, mke mwenzangu," anasema, na anauma.

Ganda linavunjika, na mlio wake unasikika mpaka mlangoni. Sikio ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga, anasikiliza.

"Umeiva," anasema.