Dawa Ambayo Moto Haukuiona

Wachuuzi wa Bujumbura wanapima ndagala, dagaa wa ziwani, kwa inzi. Furushi lisilotuliwa na inzi hata mmoja hawalinunui. Ndagala za shangazi yangu zilirudishwa kwa sababu hiyo, na wanawake wanaoanika pamoja naye kijijini Minago wakaanza kusema anazipulizia dawa ya wadudu. Kamati ya waanikaji ikamwambia wazi: ikithibitika, atanyang'anywa sehemu yake ya kuanikia. Hana kazi nyingine.

"Si uko na mashine?" aliniambia kwenye simu. "Basi iseme."

Nilikuwa staji, najifunza kazi kwenye maabara moja mjini, na mashine ya kromatografia nilikuwa naiweza. Unaloweka samaki kwenye kiyeyushi, unadunga tone moja, joto linaligeuza mvuke, gesi inausukuma kwenye bomba jembamba refu, na kila kemikali inatoka kwa zamu yake. Mwishoni kuna kitambuzi kinachochora mlima kwa kila inayotoka.

Kitambuzi cha kwanza nilichotumia kwa ndagala alizonitumia ni cha moto. Karibu kila kitu chenye kaboni na hidrojeni kinaungua humo na kuchorwa. Mafuta ya samaki yalijaza skrini kwa milima iliyopandana. Dawa sikuiona.

Ningeweza kumpigia shangazi simu ya furaha. Lakini mimi ni mtu wa kuangalia mara ya tatu kama nimefunga mlango, na safari hii tabia hiyo ilinifaa. Moto haukusema dawa haipo. Dawa kidogo katikati ya mafuta mengi hivyo isingeonekana.

"Unauliza moto?" shefu wangu, mkuu wa maabara, alicheka. "Moto unakula kila kitu, hauchagui. Uliza yule mwingine."

Yule mwingine ni kitambuzi kinachonasa elektroni. Ndani yake kuna mkondo wa elektroni unaotiririka muda wote. Mafuta yanapita bila kuugusa, lakini kemikali yenye klorini au bromini inazinyakua, mkondo unapungua, na mlima unachorwa. Nilidunga tone lilelile. Mafuta yakapita kimya, kisha mlima mmoja ukasimama peke yake, mrefu.

Urefu wa mlima peke yake hausemi kiasi, maana kitambuzi hiki kinapigia kelele hata chembe ya kemikali kinayoipenda na kunyamazia nyingine tele. Nikadunga dawa za wadudu zinazojulikana, kila moja kwa kipimo ninachokijua, nikalinganisha. Moja, yenye bromini, ilitoka kwa muda uleule. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo. Ndagala nilizonunua kijiji kingine, Gitaza, ili kulinganisha, zilizoanikwa mchangani, hazikuonyesha kitu.

Nilishuka Minago nikiwa na jibu baya.

"Iko dawa, shangazi."

"Dawa gani? Mimi? Mutoto wa kaka yangu, unanisema hivyo?"

Hakuacha kugeuza ndagala huku akinifokea. Zilikuwa juu ya meza za waya, na chini yake ametandika chandarua cha buluu, kile cha kugawiwa zahanati, ili zisipenye kwenye matundu. Chandarua kingine kilifunika juu.

"Kipya hicho?"

"Kipya, ndiyo. Cha zamani kinaweza kushika nini?"

Nilikata kipande na kukipeleka maabara. Mlima uleule, mahali palepale. Dawa ya mbu iliingia kwenye samaki wakiwa bado wabichi.

Kamati ilipokaa, nilieleza kwa ufupi jinsi moto ulivyoikosa dawa na kitambuzi kingine kikaiona. Mwanamke mmoja akadakia, "Tulisema! Iko sumu!"

"Iko," shangazi alijibu. "Sikupulizia, nilitandika. Na wewe meza yako imetandikwa nini? Shuka la harusi?"

Watu walicheka, kisha wakageuka kuangalia meza zao. Za buluu zilikuwa nyingi.

Mwenyekiti wa kamati alikuna shingo. Alisema shangazi abaki na sehemu yake, ndagala zake zifukiwe, na vyandarua vyote vitoke mezani kabla ya mitumbwi kurudi. Shangazi aliichimbia shehena yake shimo mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Mimi nilipita meza hadi meza, nikichukua ndagala chache za kupima kutoka kwa kila mwanamke, pamoja na yule aliyedakia.

"Ya kwangu utaipima kwa moto?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Kwa yule mwingine."