Mshairi wa Kitabu cha Simu

Simu ililia Januari ya mwaka 1987, Oddný Ketilsdóttir akiwa ndiyo kwanza amevua mabuti ya kiwandani.

"Dada Oddný? Hjálmar hapa, wa kamati ya karamu ya baridi. Tunataka beti sita za kuwachamba watu wa mji, kama kila mwaka. Yule mzee anayetutungia, sauti imemkauka."

"Umekosea namba, kaka. Mimi ni Oddný wa samaki."

"Sijakosea hata kidogo. Kitabu kinasema wewe mshairi."

"Kitabu gani tena?"

"Cha simu, mama! Kipya kimetoka, hujakiona?"

Alikuwa hajakiona. Kitabu cha simu cha Iceland hupanga watu kwa majina yao wenyewe, si ya baba zao, na kwa kuwa akina Oddný ni wengi, kila mmoja huandikiwa kazi yake pembeni, vile alivyoijaza mwenyewe kwenye fomu. Hakuna anayehakiki. Ukijiita mfalme, utachapishwa mfalme. Pale mjini kwao, Húsavík, walikuwepo akina Oddný watatu. Mmoja mkunga, mmoja fundi cherehani, na wa tatu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa "mfanyakazi wa samaki", sasa alikuwa mshairi. Alilisoma neno hilo mara tatu, kidole kikiwa juu yake.

Fomu alikuwa amempa kaka yake aipeleke posta. Kaka yake ni Bersi, kinyozi, mtu asiyeweza kupita na jambo zito bila kulitia mzaha. Oddný alivaa tena mabuti na kumfuata kinyozini.

"Ilikuwa zawadi yako ya kutimiza miaka hamsini," Bersi alisema, akicheka mpaka mteja akashika sikio lake kwa hofu.

"Zawadi? Mwaka mzima mji utanicheka!"

"Mdogo wangu, si ulimtungia yule kondoo?"

Kweli, alimtungia. Akiwa na miaka tisa alimwandikia mistari miwili kondoo wao aliyekufa, na baba yao akaisoma mezani mbele ya wageni. Wageni walicheka hadi machozi. Mtoto aliweka kalamu chini siku ile na hakuishika tena, isipokuwa kutia saini.

Lakini si kondoo aliyemkosesha raha. Kabla ya kukata simu, Hjálmar alimuuliza, "Sasa niambie, wewe mshairi au siyo?" Na Oddný, ambaye kazi yake ilikuwa kuitazama minofu ya samaki juu ya meza yenye taa na kuwatoa minyoo kwa kibano, mtu wa kuona mara moja kilichopo na kisichopo, alijibu, "Sijui." Kwa nini hakusema siyo? Kutwa nzima kesho yake swali hilo lilimzunguka kichwani, na minyoo wawili wakampita.

Akaamua kujipima. Mashine yake ya kahawa huchukua dakika kumi na moja kudondosha birika zima. Basi kila alfajiri, tangu tone la kwanza hadi la mwisho, kalamu isiinuke karatasini. Siku ya kwanza iliandika, "Theluji tena." Ya pili, "Theluji tena, na baridi." Ya tatu akatokea karatasini mwanamume aliyefukua gari kwenye theluji asubuhi nzima, na alipolifikia akakuta si lake. Oddný aliduwaa. Hakumjua mtu huyo, hakuwahi kumsikia. Katoka wapi? Na gari lake liko wapi? Kahawa ikaisha kabla hajajua, ikabidi asubiri kesho, na hiyo kesho aliamka nusu saa mapema.

Beti za Hjálmar akazitunga na kuzisoma mwenyewe ukumbini. Ushairi wa huko una sheria: sauti za mwanzo wa maneno fulani sharti zifanane, tena mahali pake. Zikikosea, hata muuza maziwa anasikia, kama wewe unavyosikia kina kikipotea kwenye utenzi. Ubeti wa nne ulikosea. Bibi Jórunn, aliyekaa mbele na nusu ya kichwa cha kondoo sahanini, aliinua uma wake.

"Wa nne unachechemea, binti yangu! Huyu ni mshairi wa kitabu cha simu!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likamganda. Kiwandani walimwita hivyo, dukani hivyo hivyo. Iliuma, tena iliuma palepale pa zamani.

Aliapa kuacha. Asubuhi yake aliwasha mashine ya kahawa, na kabla ya tone la tatu mkono ulikuwa unapapasa kutafuta kalamu. Alitaka tu kujua ubeti ule ulichechemea mguu gani. Akaupata. Kesho yake palikuwa na kingine cha kujua. Karatasi alizitia kwenye mtoto wa meza wa jikoni, chini ya vitambaa. Wenyeji wana neno lao kwa watu wa namna hiyo, wanaotunga na kuficha: mshairi wa mtoto wa meza. Kufika vuli, mtoto huyo alikuwa ameshiba hafungiki.

Novemba fomu ya kitabu cha simu ikaja. Mwenye mabadiliko airudishe kabla ya Ijumaa jioni. Isiporudi, kazi ibaki ilivyoandikwa.

"Andika samaki, yaishe," Bersi alimwambia, safari hii bila kucheka. "Ijumaa nitakuja kuichukua mwenyewe. Nimekutesa vya kutosha."

Oddný alikubali. Ijumaa alfajiri aliweka fomu mezani na kalamu juu yake, ila alitaka kahawa kwanza. Tone la kwanza likadondoka, na asubuhi ile, bila hodi, yule kondoo akaingia. Aliingia na kengele yake na kamba iliyokatika, na ubeti ukaleta ubeti. Karatasi ikaisha. Oddný akageuza fomu.

Bersi alipofika, fomu ilikuwa imejaa nyuma, pembeni, hadi kwenye kile kisanduku cha kazi.

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo. Nimeiharibu."

Aliisoma amesimama, theluji ikimyeyukia kofiani. Oddný alishika ukingo wa meza. Alikuwa anakisubiri kicheko, kile kile cha wageni.

"Mstari wa kwanza umeubadilisha," Bersi alisema.

"Wewe unaukumbuka wa zamani?"

"'Kondoo wetu kakata kamba, kaenda kimya kaburini.'"

"Miaka arobaini na moja, kaka."

"Sasa nani alikwambia nilipokuandika mshairi nilikuwa natania?"

Oddný alimmiminia kahawa, akakaa kuimalizia mistari miwili iliyobaki, na jioni posta ikafunga milango bila kupokea fomu yoyote kutoka nyumba ile.